Marehemu Naye Hutoa

Katika Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye barabara ya Mizingani inayotazama bandari, lipo jengo kubwa lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, ambalo watu wa mji wamezoea kuliita Zahanati ya Zamani. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyekusudia liwe hospitali. Tharia alifariki mwaka 1891 bila kuliona limekamilika. Mwaka 1900 likanunuliwa kwa mali iliyoachwa na tajiri mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, ambaye naye alikuwa amekwisha kufariki. Chini ikawekwa zahanati, na ghorofa za juu zikagawanywa kuwa makazi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mji huu walipata dawa katika nyumba ambayo wafadhili wake wote wawili walikuwa kaburini.

Habari hiyo haimshangazi Mzanzibari. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu. Mwenyewe alikufa zamani, lakini nyumba yake ingali inasaidia msikiti, au inampa hifadhi maskini, au inawafaa jamaa wa ukoo wake, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia amana hizo. Kwa hiyo watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa na mgeni kwamba aliyekufa anaweza kuwafaa walio hai. Wanalijua jambo hilo kwa mali, nao wana neno lake: sadaka yenye kuendelea.

Lakini mwili si nyumba. Maiti ana haki nne zinazojulikana na kila mtu: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Tena haki hizo hutimizwa kwa haraka. Anayefariki usiku huzikwa asubuhi, na anayefariki asubuhi mara nyingi huwa amekwisha kufukiwa kabla ya jua kutua. Ndiyo sababu linapotajwa suala la kutoa viungo vya maiti ili apandikizwe mgonjwa, masikio mengi hapa hulisikia kuwa ni jambo la nchi za mbali. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi jambo hilo linavyofanyika, na kuonyesha kwamba ipo sehemu yake moja, nayo ni kioo cha jicho, ambayo Zanzibar inaweza kuianza bila ya kuvunja hata moja katika haki hizo nne. Sharti lake ni moja: marehemu awe ameitamka nia yake angali hai, na jamaa zake wawe wameisikia.

ALIYE HAI NA ALIYEKUFA

Binadamu ana figo mbili na anaweza kuishi kwa moja. Mgonjwa ambaye figo zake zote zimekwisha nguvu hana ila njia mbili. Ya kwanza ni kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki na kwa saa 4 hivi kila mara, bila ya likizo wala sikukuu. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine, na kunywa dawa kila siku ili mwili usiikatae.

Kwa miaka mingi Watanzania waliohitaji figo walisafirishwa kwenda India, mgonjwa pamoja na ndugu wa kumtolea. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, ikishirikiana na wataalamu wa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, kwa ushirikiano na madaktari wa Japani. Hizo ni hatua za kujivunia. Hata hivyo huduma hizo zilijengwa juu ya msingi wa mtoaji aliye hai, yaani ndugu anayelazwa kitanda cha pili. Mgonjwa asiye na ndugu wa kulingana naye, au ambaye ndugu zake nao wana kisukari na shinikizo la damu, hana mlango mwingine wa kubisha. Na vipo viungo ambavyo aliye hai hawezi kuvitoa kabisa. Hakuna mtu hai anayeweza kutoa moyo wake, wala hakuna daktari mwadilifu atakayemwomba mtu anayeona atoe kioo cha jicho lake.

Hapo ndipo anapoingia marehemu. Maiti mmoja, katika hali zinazofaa, anaweza kuwaokoa watu hadi 8 kwa viungo vyake: moyo, mapafu, ini, figo mbili, kongosho na utumbo. Zaidi ya hao wapo wanaofaidika na tishu, kama vile ngozi kwa aliyeungua, mifupa, vali za moyo, na vioo vya macho.

MAUTI MBELE YA DAKTARI

Watu wengi hudhani kwamba kila anayekufa anaweza kutolewa moyo au figo. Sivyo. Viungo hivyo huharibika upesi sana vikikosa damu. Kwa hiyo vingi hutolewa kwa watu wa aina moja tu: waliokufa ubongo hali wakiwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Aghalabu ni mtu aliyepata ajali ya kichwa au aliyepasukiwa na mshipa wa damu kichwani. Ubongo wake wote umekufa, pamoja na shina lake linaloamuru pumzi. Hatapumua tena kwa nguvu zake. Lakini mashine inamsukumia hewa, na kwa kuwa moyo una umeme wake wenyewe, unaendelea kupiga kwa muda.

Mtu huyo si sawa na aliyepoteza fahamu. Aliyezimia, au aliyelala kitandani miezi mingi bila ya kujitambua, ubongo wake ungali na uhai, naye anaweza kupumua. Aliyekufa ubongo harudi. Kabla ya kutamka hivyo, madaktari humpima kwa utaratibu mkali: kama mboni hazijibu mwanga, kama hakohoi akiguswa koo kwa ndani, kama hajaribu kuvuta pumzi mashine inapositishwa kwa uangalizi. Vipimo hivyo hufanywa na madaktari wasiohusika na upandikizaji wowote, na nchi nyingi hudai wawe zaidi ya mmoja. Kanuni hiyo ndiyo ukuta unaomlinda mgonjwa. Anayepigania uhai wa majeruhi hapaswi kuwa yule yule anayesubiri figo yake.

Baada ya hapo saa huanza kuhesabiwa. Moyo uliotolewa na kuwekwa katika baridi hungoja saa 4 hivi, ini saa 12 hivi, figo siku nzima au kidogo zaidi. Katika muda huo apatikane mgonjwa anayelingana kwa kundi la damu, chumba cha upasuaji kiwe tayari, na maabara iwe imekwisha pima maradhi. Kazi hiyo inataka vitanda vingi vya mahututi, mashine, ndege na mabingwa. Zanzibar itaifikia, lakini si mwanzo mzuri wa safari.

KIOO CHA JICHO

Mbele ya mboni ya kila jicho kuna utando mgumu unaopitisha mwanga, wenye unene wa karibu nusu milimita. Wataalamu huuita kornea. Ukipata kovu, mwanga hauingii, na mtu hupofuka ijapokuwa jicho lake lililosalia ni zima. Kovu hilo huletwa na vikope visivyotibiwa, na upungufu wa vitamini A utotoni, na vidonda vilivyotiwa dawa zisizojulikana, na mwiba, na kemikali, na chokaa.

Chokaa inajulikana vizuri na waashi wa Mji Mkongwe, maana kuta zote za mji huo zimeshikana kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Na aliyekuwa wa kwanza duniani kupandikizwa kornea ya binadamu mwenzake kwa mafanikio alikuwa kibarua aliyepofushwa na chokaa. Jina lake Alois Glogar. Tarehe 7 Disemba 1905, katika mji wa Olomouc ulioko sasa katika Jamhuri ya Czech, daktari Eduard Zirm alimwekea kornea kutoka jicho la kijana ambalo lilikuwa limeumia na ikabidi liondolewe. Jicho moja la kibarua yule likapona, naye akarudi kazini. Katika miaka ya 1930 daktari Vladimir Filatov wa Odessa alithibitisha kwamba kornea za maiti, zikihifadhiwa katika baridi, zinafaa sawasawa. Tangu hapo haikuwa lazima tena kungoja mtu aliyeumia jicho.

Kornea inatofautiana na figo kwa mambo manne, na yote manne yanaielekea hali ya visiwa hivi.

Kwanza, haina mishipa ya damu. Kwa hiyo mwili wa mpokeaji hauikatai kwa ukali, na kwa kawaida hapana haja ya kutafuta wanaolingana kwa kundi la damu.

Pili, haihitaji moyo unaopiga. Hutolewa baada ya mauti ya kawaida yanayojulikana na kila mtu, pumzi zikiwa zimekatika na moyo umesimama. Muda unaotakiwa ni saa 6 hadi 12 hivi baada ya kifo, na katika joto la pwani ni afadhali iwe mapema zaidi, na maiti awe katika ubaridi.

Tatu, kazi yenyewe haizidi saa moja. Mtaalamu anaweza kuchukua utando ule peke yake, kisha akaweka kifuniko cha umbo la jicho na kulifunga kope. Uso hubaki kama ulivyokuwa. Muoshaji ataosha, sanda itavishwa, na jeneza litatoka kwenda Mwanakwerekwe kwa saa ile ile iliyotangazwa redioni.

Nne, ikiwekwa katika maji yake maalumu inaweza kukaa siku kadhaa, pengine hadi wiki 2. Basi mgonjwa na daktari hupata nafasi ya kujitayarisha, na boti ya kwenda Dar es Salaam haitakuwa imechelewa.

Uzee si kizuizi, wala kuvaa miwani. Hata aliyekuwa na mtoto wa jicho kornea yake yaweza kufaa, kwa sababu maradhi hayo yako nyuma yake. Wanaokataliwa ni waliokuwa na maradhi ya kuambukiza kama UKIMWI, homa ya ini au kichaa cha mbwa, na baadhi ya saratani. Ndiyo maana damu ya marehemu hupimwa kwanza.

Ni wajibu pia kutowapa watu matumaini ya uongo. Kornea humponya aliyepofushwa na kovu la kornea. Mwenye mtoto wa jicho anahitaji upasuaji wake, ambao ni mwepesi na hauhitaji kitu cha maiti. Aliyepofushwa na presha ya macho, mshipa wake wa kuonea umekwisha kufa, naye hawezi kurudishiwa nuru kwa njia hii. Hata hivyo mahitaji ni makubwa mno. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba watu milioni 12.7 duniani walikuwa wakisubiri kornea, na kwamba ilikuwa ikipatikana 1 tu kwa kila watu 70 wanaohitaji.

KISIWA KAMA HIKI

Patakuwapo wasemao kwamba mambo haya ni ya matajiri. Jibu lao liko katika Bahari ya Hindi hii hii. Mwaka 1958 kijana mmoja wa Sri Lanka aliyekuwa akisomea udaktari, Hudson Silva, aliandika makala gazetini kuwaomba wananchi wenzake watoe macho yao baada ya kufa. Mama yake alipofariki, kornea zake zilitolewa na kupandikizwa. Mwaka 1961 kikaundwa Chama cha Utoaji Macho cha Sri Lanka. Mwaka 1964 kornea za kwanza kupelekwa ng'ambo zilifika Singapore, zikiwa zimewekwa katika chupa ya thamosi yenye barafu.

Hapakuwa na mitambo ya ajabu. Palikuwa na barafu, fomu ya ahadi, wauguzi waliofundishwa kazi moja wakaijua, na wananchi waliokubali. Kutokana na hayo, nchi ya wakulima wa chai na mpunga imepeleka makumi ya maelfu ya kornea katika nchi nyingi za dunia. Miongoni mwa wapokeaji wakubwa ni Pakistan, nchi ya Waislamu. Wabudha wa kisiwa kile waliona katika mafundisho ya dini yao kwamba kutoa sehemu ya mwili ni wema mkubwa. Hawakuiacha dini yao mlangoni mwa hospitali, bali waliingia nayo ndani. Zanzibar haina haja ya kuazima imani ya Sri Lanka. Inachoweza kujifunza ni kwamba kisiwa chenye kipato kidogo kiliweza, kwa kuwa kilianza na kilicho karibu.

DINI NA HESHIMA YA MAITI

Wazanzibari walio wengi ni Waislamu, na swali la kwanza watakalouliza ni la sheria ya dini. Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kubeza.

Hoja ya wanaokataa ni nzito. Mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu wala si mali ya mtu hata aigawe. Hadithi mashuhuri inalinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Sheikh Muhammad Mutawalli al-Shaarawi wa Misri, aliyesikilizwa na mamilioni ya watu, alilipinga jambo hili kwa msingi huo wa amana.

Hoja ya wanaoruhusu nayo ina mizizi. Qurani inamhesabu anayeokoa nafsi moja kuwa kama aliyeokoa watu wote, na fiqhi inajua kanuni ya dharura na ya kutanguliza dhara iliyo nyepesi mbele ya nzito. Mwaka 1988 mjini Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu liliruhusu kiungo cha maiti kupewa aliye hai, ikiwa uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake inategemea kiungo hicho, na ikiwa marehemu aliridhia kabla ya kufa au warithi wake wameridhia baadaye. Baraza hilo hilo likaharamisha kuuza viungo.

Kuhusu kifo cha ubongo, wanazuoni hawakuafikiana. Baraza lile lilipokutana Amman mwaka 1986 lilikikubali kuwa ni kifo, kwa masharti. Baraza la Fiqhi la Makka, mwaka 1987, liliruhusu mashine iondolewe lakini likasema hukumu ya mauti isitolewe mpaka moyo na pumzi visimame. Hitilafu hiyo haiwezi kuamuliwa na wanasiasa wala waandishi. Lakini na ionekane wazi kwamba kornea haiguswi nayo hata kidogo. Inatolewa kwa maiti ambaye kila mwanachuoni anamhukumu kuwa maiti. Ofisi ya Mufti wa Zanzibar ikiombwa kulitolea mwongozo jambo hili moja, haitakuwa imetwishwa mzigo wa mabishano yote ya dunia.

HOFU YA MUMIANI

Iko hofu nyingine isiyoandikwa vitabuni mwa fiqhi. Pwani nzima ya Afrika Mashariki ilikua na hadithi za mumiani, watu walioaminiwa kuwakamata wenzao gizani na kuwatoa damu ili itengenezwe dawa. Wakati wa ukoloni uvumi huo ulienea mpaka bara, ukishukiwa mara gari la zima moto, mara hospitali. Msomi anaweza kucheka. Lakini chini ya uvumi ule palikuwa na jambo ambalo mnyonge alilijua kwa uzoefu wake: kwamba wakubwa walimtumia bila ya kumuuliza, na kwamba faida ya jasho lake ilikwenda kwa wengine.

Afrika Kusini ilitoa mfano unaostahili kukumbukwa. Tarehe 3 Disemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani. Mpokeaji, Louis Washkansky, aliishi siku 18. Tarehe 2 Januari 1968 Barnard alipandikiza tena. Safari hii mpokeaji alikuwa daktari wa meno Mzungu, Philip Blaiberg, na moyo ulikuwa wa Clive Haupt, kijana wa miaka 24 aliyeitwa na sheria za nchi ile "mtu wa rangi", ambaye alianguka ufukweni siku ya mwaka mpya. Blaiberg aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Sheria ya ubaguzi iliyowakataza watu hao wawili kukaa mtaa mmoja haikuona shida moyo wa mmoja ukae kifuani mwa mwingine. Jamaa wa Haupt waliombwa ridhaa na wakaitoa, na utu wao haupunguzwi na dhulma ya wakubwa wa wakati ule. Lakini Waafrika wengi duniani waliuliza swali ambalo lingali halali: ni mwili wa nani unaotoa, na ni wa nani unaopokea?

Swali hilo limezidi makali kwa sababu ya biashara. Penye tajiri mwenye figo mbovu na kijana mwenye njaa hapakosi dalali. Azimio la Istanbul la mwaka 2008, lililotolewa na wataalamu wa upandikizaji, lililaani biashara hiyo, na Shirika la Afya Duniani limeweka misingi inayokataza kununua na kuuza viungo. Dawa ya unyonyaji huo si kukimbia utoaji. Dawa yake ni kuufanya uwe wa wazi: kitu kisiuzwe wala kununuliwa, orodha ya wanaosubiri ifuate hali ya ugonjwa na siyo cheo wala fedha, hesabu zitangazwe, na jamaa wa marehemu wasidaiwe hata senti moja. Wakfu unaheshimika kwa sababu msimamizi wake hapaswi kujinufaisha nao. Benki ya macho nayo isimamiwe kwa amana hiyo hiyo.

NANI HUAMUA

Katika nchi zinazofanya vizuri, utaratibu ni huu. Mtu akifa, mhusika aliyefundishwa, ambaye si daktari aliyemtibu, huwaendea jamaa. Kwanza huwapa pole na kuhakikisha wameelewa kuwa ndugu yao amefariki. Kisha huuliza: marehemu aliwahi kusema neno? Jamaa wakikubali, damu hupimwa, kazi hufanywa kwa usafi na heshima kama ya upasuaji wa aliye hai, na maiti hukabidhiwa. Mpokeaji hatajwi kwa jamaa, wala jamaa hawatajwi kwa mpokeaji, ili pasiwe na deni kati yao.

Hispania inajulikana kwa kuongoza. Sheria yake ya mwaka 1979 inamhesabu kila raia kuwa mtoaji isipokuwa kama alikataa. Lakini kwa miaka 10 ya mwanzo sheria hiyo peke yake haikuzaa matunda makubwa. Mwaka 1989 likaundwa shirika la taifa la upandikizaji, na kila hospitali kubwa ikawekewa mtu wa kuzungumza na wafiwa. Idadi ya watoaji ikapanda kutoka 14 hivi kwa kila watu milioni moja hadi kuzidi 40 katika miaka ya karibuni. Na mpaka leo, pamoja na sheria hiyo, jamaa huulizwa, na wakikataa huachiwa. Kumbe nguvu ilikuwa katika mazungumzo zaidi kuliko katika kifungu cha sheria.

Majirani nao wamekwisha anza kutunga. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kuacha wasia kuhusu viungo vyake. Uganda nayo ina sheria ya utoaji na upandikizaji wa viungo ya mwaka 2023. Kwa Zanzibar, afya si jambo la Muungano. Basi kazi ya kutunga sheria ya namna hiyo ni ya Baraza la Wawakilishi, na haiwezi kusubiriwa kutoka kwingine.

YAPASAYO KUFANYWA

Ndugu wasikilizaji, yapasayo kufanywa si mengi, ila yanataka mfuatano. Mufti na wanazuoni waombwe mwongozo juu ya kornea. Baraza la Wawakilishi litunge sheria fupi inayolinda ridhaa na kuharamisha biashara. Wauguzi wachache wa Mnazi Mmoja na wa Hospitali ya Lumumba wafundishwe kutoa kornea, na wengine wafundishwe kazi iliyo ngumu zaidi, yaani kuzungumza na wafiwa. Pawe na ubaridi wa kuaminika wa kuhifadhia maiti, na mapatano na hospitali za bara zenye mabingwa wa macho. Na kabla ya yote hayo, wananchi wazidi kutoa damu kwa hiari, maana taifa lisilozoea kutoa damu, ambayo mwili huirudisha baada ya wiki chache, halitazoea kutoa kitu kingine.

Lakini sheria, na barafu, na mabingwa, vyote vitakwama mlangoni mwa nyumba ya msiba ikiwa hakuna anayejua marehemu alitaka nini. Na achukuliwe kwa mfano mzee wa Makunduchi aliyefariki alfajiri. Watoto wake wanaanza kuwasili, mchimba kaburi ameitwa, wanawake wanachemsha maji. Si haki kumtaka mtoto wa kwanza, katika saa ile, aamue jambo ambalo baba yake hakulitaja maisha yake yote. Atakataa, na hatalaumika. Aogopa kumdhulumu baba yake, na aogopa maneno ya watu. Ila kama mzee yule aliwahi kusema barazani, mbele ya watoto na majirani wawili, kwamba akifa macho yake yafaidishe watu, mtoto haamui tena. Anatekeleza wasia, na kutekeleza wasia wa mzazi ni kazi ambayo kila mtoto wa Unguja anaijua na anaiheshimu.

Vivyo hivyo kwa asiyetaka. Naye aseme. Anayekataa kwa imani yake ana haki sawa na anayekubali, na neno lake litawapunguzia jamaa zake fadhaa. Kilicho kibaya ni kunyamaza, kisha kuwaachia watoto fumbo juu ya jeneza.

Wazanzibari wamezoea kuandika wasia wa shamba la mikarafuu, wa nyumba, wa deni la dukani. Wasia wa mwili haujazoeleka. Hauhitaji wakili wala ada: unahitaji mashahidi na ulimi. Basi na uanze kutamkwa katika nyumba za Mji Mkongwe na za Ng'ambo, na katika vijiji vya Nungwi na Kizimkazi, wakati watu wangali wazima na akili zao zimetulia. Hospitali zitakapokuwa tayari, zikute wananchi wamekwisha zungumza. Wasia usiotamkwa huzikwa pamoja na mwenyewe, na hapana mahakama, wala daktari, wala mtoto mwema, awezaye kuufukua.